Korosho ghafi au kubangua wenyewe? Tuzilinganishe kwa jicho la Korona

Oktoba ikikaribia huku Mtwara na Lindi maneno ni yale yale, mnada wa kwanza utafungua bei ngapi, magunia yamefika au bado, salfa (dawa ya kupulizia mikorosho) ilitosha au haikutosha, na miaka hii limeongezeka na hili la kubangua: tuendelee kuuza korosho ghafi, yaani na ganda lake, au tuivunje ganda tubangue wenyewe? Wengi wanajibu kwa bei tu. Ghafi kilo ni shilingi kadhaa, iliyobanguliwa kilo ni shilingi kadhaa, tofauti si unaiona, basi tubangue, mjadala umeisha. Mimi nataka nizipime kwa kitu kingine, kwamba siku dunia ikijifungia tena ghafla kama 2020, njia ipi inakuacha na hela mkononi na ipi inakuacha na mzigo unaouangalia tu ghalani.

Sitazipa pande zote mbili nafasi sawa, kuna mahali nitakaa sana na kuna mahali nitapita mbio. Anayetaka jibu la haraka: mwenye shamba peke yake auze ghafi, kikundi kilichokaa vizuri kibangue ila kidogo kidogo, na anayetaka kukopa ajenge kiwanda asome kwanza mpaka kwenye hesabu.

2020 ilitupita kwa sababu ya kalenda

WHO walitangaza kuwa ni janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Sisi mgonjwa wa kwanza akatangazwa tarehe 16. India wakafunga nchi nzima tarehe 25, Vietnam nao wakazuia watu kutoka kuanzia tarehe 1 Aprili. Sasa ziangalie hizo tarehe kama mkulima wa Tandahimba au Nachingwea. Mwezi wa tatu minada imeshaisha, hela imeshaingia benki na nyingine imeshakuwa bati, ada na mahari ya mtu. Korosho yenyewe ilikuwa kwa wanunuzi, ghalani au baharini au kule Kollam, Kerala, ambako viwanda vilifungwa na wanawake wanaobangua wakarudi makwao. Kwa hiyo kibao cha kwanza kiliwapiga wao, sio sisi.

Na huo ndio uzuri wa ghafi ambao wapenzi wa viwanda hawapendi kuusikia. Ukishauza na kulipwa, ya baharini si yako tena. Hatari yote umemwachia mwenye meli na mwenye kiwanda.

Ila hebu fikiria ule ugonjwa ungeanza mwezi wa tisa badala ya wa tatu. Mnada unafunguliwa halafu mnunuzi hajui kiwanda chake kitafunguliwa lini, hajui meli ipo au haipo, benki yake nayo imeshika mkoba. Mtu wa hivyo ama haji kabisa, ama anakuja na bei ya woga, na woga wake anaukata kwako wewe kwenye kilo. Hatuhitaji hata ugonjwa kujua hili likoje maana tumeshaliona mara mbili. Agosti 2017 India waliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwao na huku mbaazi zikadoda, watu wakaziacha shambani. Novemba 2018 wanunuzi wa korosho wakaleta bei ambayo wakulima waliikataa, mpaka Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 na jeshi lisombe mzigo. Nchi moja au mbili zikikohoa, kusini nzima inalala na homa.

Kwa hiyo ghafi ni salama au ni hatari kutegemea mwezi. Janga likija Februari umepona mwaka huo, likija Septemba umekwisha mwaka huo. Na hakuna anayeweza kukuambia litakuja lini.

Njia ya meli, hapa kubangua kunashinda waziwazi

Hapa nitakaa kidogo maana watu wengi hawalipigii hesabu. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa inatoka kwenye kilo 4 hadi 5 za ghafi. Kilichobaki ni ganda. Kontena la futi 20 linabeba karibu tani 16 za korosho iliyobanguliwa, sasa ili upate tani 16 hizo umetumia ghafi tani 64 hadi 80, ambazo nazo zikisafirishwa zilivyo zinakula makontena manne au matano. Yaani kila msimu tunalipia meli ibebe maganda kutoka Mtwara mpaka ng'ambo ili yakavunjwe na yatupwe huko (hayatupwi kwa kweli, yanakamuliwa mafuta ya kutengenezea rangi na breki, kwa hiyo hata hapo wanatushinda).

Kwenye miaka ya kawaida hilo haliumi sana, meli ilikuwa rahisi. Kabla ya Korona kontena la futi 40 kwenye njia kubwa za kutoka Asia wastani wake ulikuwa chini ya dola 2,000. Septemba 2021 wastani ulipita dola 10,000. Na sababu haikuwa moja, makontena yalikwama bandari za Marekani hayarudi, bandari ya Yantian kule Shenzhen ikapunguza kazi mwezi wa tano na wa sita 2021 kwa ajili ya wagonjwa, Agosti gati moja la Ningbo likafungwa karibu wiki mbili kwa sababu ya mfanyakazi mmoja tu aliyekutwa na virusi, na kabla ya hapo Machi ile meli Ever Given ilikaa siku sita imeziba Suez. Nauli ikipanda mara tano, mwenye kontena la korosho iliyobanguliwa anaumia, lakini mwenye makontena matano ya ghafi yenye korosho ile ile ndani anaumia mara tano ya hapo. Na tena anayeumia haumii peke yake, anarudi mnadani mwaka unaofuata na kalamu nyekundu.

Juu yake ongeza ushuru wa kusafirisha ghafi, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Ghafi inautoa, iliyobanguliwa haiutoi.

Lakini sio kwamba anayebangua Mtwara hana njia inayoweza kuzibwa. Vikundi vidogo havipakii meli, vinapakia basi na lori kwenda Dar. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zile, barabara ya Dar ilikatika pale Somanga, Kilwa, na maeneo ya jirani, na siku kadhaa kusini ikawa kisiwa. Wazee wanaokumbuka mto Rufiji kabla ya daraja la Mkapa la 2003 walicheka tu, wakasema haya ndiyo tuliyokulia. Kwa hiyo usidanganyike kwamba soko la ndani halina bahari ya kuvuka.

Mikono

Hapa ghafi inashinda. Kuokota na kuanika ni kazi ya uwazini, familia na familia yake, hata ugonjwa ukiwa mkali kiasi gani mtu anaweza kuokota chini ya mkorosho wake bila kumkaribia mtu. Ubanguaji wa mkono ni kinyume chake. Mnachemsha kwa mvuke, mnakaa mstari mmoja bega kwa bega mnakata, mikono imepakwa majivu au mafuta ili ule utomvu wa ganda usiichubue, halafu chumba kingine wapo wanaomenya ngozi ya ndani, kingine wanaochambua madaraja. Virusi vya hewa vinapenda hivyo hivyo.

ILO, shirika la kazi duniani, walikadiria kuwa saa za kazi zilizopotea duniani mwaka 2020 zilikuwa asilimia 8.8, sawa na ajira milioni 255 za kutwa nzima, na kazi za namna hii ndizo zilizobeba mzigo, kazi ambayo huwezi kuifanya ukiwa nyumbani na laptopu. Vietnam katikati ya 2021 waliamua viwanda vya kusini mwa nchi viendelee kwa sharti kwamba wafanyakazi wawe wanakula, wanalala na kufanya kazi humo humo ndani ya geti. Jaribu kumwambia mama wa Mikindani mwenye watoto watatu alale kiwandani wiki tatu. Wenzetu wa Vietnam wana faida nyingine, ukataji wao mwingi unafanywa na mashine, kwa hiyo chumba kilichohitaji watu mia kinaendeshwa na wachache waliokaa mbalimbali. India bado mkono ulikuwa mwingi na waliumia zaidi kwenye kufunga.

Ila kikundi kidogo kina ujanja ambao kiwanda kikubwa hakina. Watu kumi mnaweza kukata kwenye baraza tatu tofauti, mkakutana kwenye kumenya na kufunga tu, ambako ndiko usafi unatakiwa na ndiko TBS, shirika la viwango, wataangalia. Kiwanda cha watu mia tano hakiwezi kutawanyika, kinafungwa chote au hakifungwi.

Kukaa na mzigo

Mpwa wangu wa Tandahimba alinipigia juu ya hili hili. "Shikamoo mjomba. Sasa si bora nibangue zote halafu niweke ndani nisubiri bei?" Nikamwambia marahaba, lakini hapana, hapo umeigeuza kichwa chini miguu juu. Ghafi iliyokauka vizuri, unyevu asilimia 8 hadi 10, kwenye ghala kavu inakaa mwaka. Ukishaivunja ganda umeivua nguo. Iliyobanguliwa inataka kukaushwa zaidi mpaka kama asilimia 5, na inataka kufungwa kwenye mfuko ulionyonywa hewa au bati, la sivyo ndani ya muda mfupi inalainika, inanuka mafuta ya zamani, mteja anairudisha. Akiba ya kweli ni ghafi. Kubangua ni kwa oda iliyopo au soko unalolijua wiki hii.

"Kwa hiyo mjomba niuze zote?"

Kwa mtu mmoja mwenye shamba, ndiyo, uza. Hata ukitaka kuweka ghafi mwenyewe huwezi kuinunua uchochoroni ukaongezea, hiyo ni kangomba, biashara ya magendo ya korosho, na wanashika. Lazima upite AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kibali, mfumo. Kikundi chenye kibali ndicho kinachoweza kushika tani zake kihalali na kuzivunja polepole mwaka mzima. Hapo ndipo nguvu ilipo kwangu mimi, sio kwenye mashine. Wakati dunia imefunga, mwenye ghafi tu anasubiri mnunuzi mmoja wa ng'ambo, mwenye ghafi na uwezo wa kubangua anaweza kusubiri au kuvunja magunia mawili ya wiki hii akauza Masasi, Songea na Dar. Yule wa pili bado ana la kuamua.

Vitu vidogo vinavyokwamisha vyote

Ghafi inataka magunia ya jute, na jute ya dunia karibu yote ni Bangladesh na India. Kwenye lokidauni ile ya Machi 2020 viwanda vya magunia vya West Bengal navyo vilifungwa. Yaani mnunuzi wako na gunia lako vinaweza kufungwa siku moja na nchi moja. Kelele za magunia tunazo hata kwenye miaka isiyo na ugonjwa, sasa fikiria.

Kubangua kunataka vifungashio, na vizuri vinatoka Dar ambako navyo malighafi yake imepanda meli. Salfa inaziumiza njia zote mbili sawasawa, inatoka nje, ikichelewa ua linaliwa na ugonjwa wa ubwiri unga na hakuna cha kuuza wala cha kubangua. Sina zaidi hapo.

Mnunuzi

Ghafi yetu karibu yote inaishia nchi mbili, India na Vietnam. Kwenye mnada unaona makampuni mengi lakini mzigo unaelekea bandari zile zile. Siku hizi mnada wa TMX, soko la bidhaa la taifa, unaendeshwa kwenye mtandao na mzigo umesisitizwa upite bandari yetu ya Mtwara, mambo mazuri, bei ya 2024/25 ilivuka 4,000 na watu walicheka. Ila mnada wa mtandaoni hauongezi nchi ya tatu.

Iliyobanguliwa inaweza kwenda popote, lakini "popote" si sawa na "pazuri". 2020 walioumia upande huu ni waliokuwa wanategemea mahoteli na wageni, Zanzibar wageni walikatika miezi kadhaa na oda zikafa nao. Waliopona ni wenye wateja wa kawaida. Tanzania hatukufunga nchi, stendi ziliendelea, masoko yaliendelea, mtu wa Kariakoo aliendelea kununua pakiti ya mia tano. Huko Ulaya na Marekani watu waliokaa ndani walitafuna karanga na korosho wakiangalia tivii, supamaketi ziliuza wakati mahoteli yamefungwa. Kwa hiyo ukibangua, mteja wa pakiti ndogo mtaani ndiye bima yako. Hoteli iwe ya kuongezea.

Na kuna mlango ulifunguka baada ya Korona. Makampuni makubwa yaliyozoea kuletewa mzigo siku ile ile unapohitajika kutoka nchi moja, yalivyokwama na chipu za magari, barakoa na hata dawa (Machi 2020 India walizuia kwanza kusafirisha dawa na malighafi za dawa 26, paracetamol ikiwemo), yalianza kutafuta chanzo cha pili na cha tatu. Kwenye korosho aliyechangamka ni Kodivaa, anayeongoza dunia kwa ghafi na ambaye mwaka 2022 alivuka tani milioni 1, halafu ubanguaji wake umepanda kwa kasi miaka hii. Sisi kuna kongani ya viwanda vya korosho ya Maranje kule Nanyamba inayotajwa kila mkutano. Nitaisifia siku nikiona moshi.

Hesabu

Sasa kwa wale wa kukopa. Tufanye mfano tu, ghafi 3,000 kwa kilo. Kilo 5 ni 15,000, na hapo umepata kilo moja ya korosho, bado kuni au umeme, mikono, mfuko, usafiri, TBS na ushuru. Ukiuza 22,000 una 7,000 ya kugawana na wote hao. Vipande vikizidi, maana mkono ukitetemeka korosho inapasuka na nzima ndiyo yenye bei, ile 7,000 inaanza kuyeyuka. Ghafi ikifika 4,000 kama msimu ule, kilo 5 ni 20,000, unabaki na 2,000. Umebangua kwa ajili ya Mungu.

Na sijafika kwenye sumu yenyewe. Ghafi inanunuliwa miezi mitatu minne ya msimu, hela yote inatoka kwa mara moja, halafu inarudi kidogo kidogo mwaka mzima huku riba inahesabu hata Jumapili. Hiki ndicho kinachoua wabanguaji, sio mashine mbovu. Serikali miaka ya 70 na 80 ilijenga viwanda kumi na kitu vya korosho kwa mikopo, vyenye mashine za nguvu kabisa, na vingi viliishia kuwa maghala ya kuwekea ghafi inayosubiri meli. Sasa weka janga juu ya mkopo, hoteli hazinunui, barabara imekatika au wafanyakazi wamejitenga, na benki haina lokidauni.

Kwa hiyo kiwanda cha mkopo mkubwa ndiyo chaguo baya kuliko yote kwa jicho la janga, baya hata kuliko ghafi. Nasema hivyo nikijua kuna watu watanuna.

Wasio na shamba

Kijana wa mjini atauliza, mimi je. Duka la mali za China: Februari 2020 ndege nyingi za kwenda kule zilisimama na wafanyabiashara wa Kariakoo wakabaki na stoo zinazoisha, bei zikapanda mpaka huku. Mwenye stoo ya miezi miwili alipata faida, mwenye mtaji wa kuzungusha alifunga fremu. Kazi za mtandaoni ndizo zilizopaa, Zoom peke yake hesabu ya washiriki wa vikao kwa siku ilitoka milioni 10 Desemba 2019 ikafika milioni 300 Aprili 2020, na kazi hiyo haihitaji meli wala gunia. Inahitaji umeme na nyaya za baharini, na Mei 2024 nyaya zilipokatika nchi nzima tuliangalia simu zinazunguka tu.

Ningefanya nini mimi

Ningekuwa na ekari zangu tu na familia, ghafi yote AMCOS, bila kujuta. Ila hela ya msimu nisingeila yote kwa kuamini Oktoba ijayo itakuja na wanunuzi, ningeacha ya salfa na ya chakula cha mwaka wa pili pembeni, kwa sababu kibao cha janga kwa mtu wa ghafi kinakuja kwa kuchelewa.

Ningekuwa kwenye kikundi cha watu kumi au kumi na tano wanaoaminiana, ningebangua, ila kwa mtaji wetu wenyewe na kwa tani tunazoweza kulala nazo hata zisipouzwa miezi sita. Mashine ya kukata ya mkono na mguu inatosha kuanzia, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo Mtwara na Lindi waulizwe. Nusu ya nguvu ningeiweka kwenye pakiti ndogo za stendi na maduka. Vifungashio ningenunua vya nusu mwaka mbele, hilo ningekomaa nalo hata wenzangu wakisema tunafungia hela kwenye nailoni. Na kibali ombeni mapema, mwezi wa saba au wa nane, maana mnada ukishafunguliwa kila ofisi imejaa watu wa ghafi na hakuna atakayewasikiliza nyie na magunia yenu ishirini.